Mistari Kumi na Mmoja

Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi



Kila katibu aliyepata kushika leja anaifahamu kazi ya kusawazisha safu. Mwanachama nambari 47 huandikwa 00047, ili nambari yake ikae sawa chini ya ile ya mwanachama 12305, na jicho lishuke ukurasani bila kujikwaa. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo, ila sharti iwepo programu ya kuiambia iongeze sifuri ngapi upande wa kushoto. Programu moja ya namna hiyo, yenye mistari 11 tu, iliitwa left-pad. Tarehe 22 Machi 2016 mwenyewe aliiondoa mahali ilipowekwa, na kwa muda wa saa mbili na zaidi kazi za wajenzi wa programu katika sehemu nyingi za dunia zikakwama.

Ili jambo hili lieleweke, hapana budi kueleza jinsi programu zinavyojengwa siku hizi. Mjenzi haandiki kila kitu kwa mkono wake. Kama seremala asivyofua misumari yake mwenyewe, naye huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, akaviunga. Vingi katika hivyo ni programu huria, yaani aliyeviandika amevitoa bure, kila mtu avisome, avitumie na hata avibadili. Kwa wanaotumia lugha ya JavaScript, vipande huwekwa katika ghala moja kubwa liitwalo npm, ambalo wakati huo lilikuwa mali ya kampuni ya Marekani yenye jina hilo hilo. Programu inapojengwa, kompyuta huenda yenyewe ghalani kuvichukua. Kipande kimoja huita kingine, na hicho huita cha tatu, hata mjenzi asijue orodha yake inaishia wapi. Wengi waliokwama siku ile hawakuwa wamepata kulisikia jina la left-pad. Wao walichukua Babel, chombo mashuhuri cha wajenzi, na Babel ndiyo iliyokuwa ikiitegemea left-pad ndani kwa ndani. Programu zilizokwisha kujengwa hazikudhurika. Zilizokwama ni zile zilizokuwa zikijengwa saa ile.

Mwenye left-pad alikuwa Azer Koçulu, mwandishi wa programu kutoka Uturuki aliyekuwa akiishi California. Alikuwa ameweka ghalani vipande zaidi ya 250, vyote bure, na kimojawapo alikiita kik. Kampuni ya Kanada iitwayo Kik, yenye programu ya kupelekeana ujumbe, ikamwandikia kumtaka aliache jina hilo kwa kuwa ni alama yake ya biashara. Akakataa. Barua zao zilichapishwa baadaye, nazo zinaonyesha jinsi mazungumzo yalivyoharibika upesi. Upande mmoja ulitaja mawakili watakaogonga mlango. Upande wa pili ukajibu kwa matusi yasiyofaa kusomwa mbele ya kikao, na kudai dola 30,000 kwa usumbufu. Kampuni ikapeleka shauri kwa wenye ghala, nao wakaamua kwamba jina lipewe kampuni. Hapo Koçulu akasema kuwa ghala hilo ni shamba la mtu binafsi, ambamo kampuni zina nguvu kuliko watu, akaondoa vitu vyake vyote 273.

Walikuwapo waliomwita mkorofi, na kwa ulimi wake alistahili kuitwa hivyo. Lakini mkaguzi akiulizwa nani alivunja kanuni, hataweza kumtaja Koçulu. Mali ilikuwa yake, ghala liliruhusu mtu kuondoa chake, na hakuna hata mmoja kati ya waliokwama aliyekuwa na mkataba naye. Makampuni yenye fedha nyingi yalijenga juu ya kazi yake pasipo kuweka nakala. Ukali wa mtu huyo uliharakisha tu jambo ambalo ugonjwa, safari au kifo vingeweza kulileta siku nyingine yoyote.

Dakika chache baadaye mtu mwingine aliweka ghalani programu ifanyayo kazi ile ile, kwa kuwa mistari 11 si kazi ya kumtoa mtu jasho. Haikutosha. Alilipa toleo lake nambari 1.0.0, na wengi walikuwa wameandika katika orodha zao kwamba wanataka 0.0.3, si nyingine. Ikawabidi wenye ghala kuirudisha ile ya awali kutoka katika nakala zao, hatua waliyokiri kuwa haina mfano, kisha wakabadili kanuni ili kitu kinachotegemewa na wengine kisiweze kuondolewa hivi hivi. Mwaka 2017 lugha yenyewe ya JavaScript iliongezewa uwezo wa kusawazisha safu, na left-pad ikakosa kazi.

Januari 2022 likatokea la pili. Marak Squires, aliyekuwa amekwisha kutangaza mwaka 2020 kwamba hatayafanyia makampuni makubwa kazi ya bure, aliharibu kwa makusudi programu zake mbili. Ile iitwayo colors aliitia mzunguko usio na mwisho, na faker aliifuta ikabaki tupu. Huyu hakuondoa chake tu, bali aliwapelekea watu kitu kibovu kwa jina la kitu kizima, na jambo hilo haliwezi kutetewa. Hata hivyo faker haikufa. Kwa kuwa leseni yake ilikuwa huria, kikundi cha wajenzi kilichukua nakala ya zamani, kikagawana kazi na kuiendeleza kwa pamoja. Wanaushirika hawana haja ya kuelezwa maana ya jambo hilo.

Lakini kumwongeza mtu wa pili nako kuna hatari yake. Lasse Collin wa Finland aliitunza kwa miaka mingi, bila mshahara, programu iitwayo xz ya kubana mafaili, inayotumiwa na kompyuta nyingi mno. Huyu hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka, na alisema wazi kuwa afya yake ya akili si nzuri. Watu asiowajua wakamsonga kwa malalamiko ya ucheleweshaji mwaka 2022, na msaidizi mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan, akapewa madaraka kidogo kidogo. Mwaka 2024 msaidizi huyo akaficha ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za wengine. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliugundua kwa sababu kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa nusu sekunde hivi, akatangaza habari hiyo tarehe 29 Machi 2024.

Makatibu hawaruhusu kasha la fedha liwe na ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu mmoja, wala hawampi ufunguo wa pili mgeni kwa kuwa amejitolea kufagia ofisi. Daftari la wanachama likihamishiwa katika kompyuta, mara nyingi uangalifu huo hausogei pamoja nalo. Kijana fulani anayejua kompyuta huitwa, akatengeneza programu, akashika neno la siri peke yake, akalipwa mara moja, na kila hitilafu inapotokea hutafutwa kwa simu. Akinuna, kamati humbembeleza. Kamati na imuulize, angali na moyo mkunjufu, programu imeundwa kwa vipande gani, nakala ya daftari huwekwa wapi mbali na ofisi, ni nani mwingine anayeweza kuisoma kazi yake, na anataka alipwe kiasi gani kwa mwaka kwa kuitunza. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao, na malipo hayo yaingizwe katika makisio kabla msimu wa kununua mazao haujafunguliwa.