Mkwaju Katika Jina: Kuundwa na Kuitwa kwa Kaunti ya Elgeyo/Marakwet



Katiba ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, inaigawa nchi katika kaunti 47 zilizoorodheshwa katika Jedwali lake la Kwanza. Naomba tutue kwenye jina la 28 katika orodha hiyo: "Elgeyo/Marakwet". Ni kaunti ya wakulima na wafugaji, yenye makao makuu Iten, na ardhi yake huporomoka kutoka nyanda za baridi hadi joto la Bonde la Kerio.

Tuanze na neno la kwanza. Wenyeji wa upande wa kusini hujiita Keiyo. "Elgeyo" ni umbo linalonasibishwa na Wamaasai, ambao lugha yao hutanguliza kiambishi il- mbele ya majina ya makundi ya watu. Baadaye umbo hilo likapita kwenye kalamu za maofisa wa Kiingereza. Linganisheni na Kony na Elgon: kwa mara nyingine k imekuwa g, na il- imekuwa el-. "Marakwet" nalo hunasibishwa na Markweta, jina la kundi moja ambalo wakoloni walilitandaza juu ya Waendo, Waalmo na wengineo. Upande mmja, basi, unaitwa kwa jina la kinywa cha jirani. Upande wa pili, sehemu imefanywa kuwa jina la zima.

Katika miaka ya 1990 wilaya ya zamani iligawanywa, na sehemu ya kusini ikapata kuitwa Wilaya ya Keiyo. Hapo wenyeji walikuwa wamerudishiwa jina lao. Lakini mwaka 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya mwaka 1992 hazikuwa halali, na kaunti zikaja kujengwa juu ya mipaka ya wilaya za sheria hiyo. Mipaka ikarejea, na jina likarejea pamoja nayo. "Elgeyo" ilirudi kupitia mlango wa sheria, wala si kwa hoja yoyote ya lugha.

Sasa alama. Jedwali limeandika Taita/Taveta na Elgeyo/Marakwet kwa mkwaju, lakini Tharaka-Nithi kwa kistari, ingawa hakuna tofauti ya kisarufi baina ya majina hayo matatu. (Mkwaju wa matunda, kwa bahati njema, huota Bonde la Kerio, huo hauna utata.) Katika maandishi yetu ya kawaida, mkwaju husomwa "au": tunaandika "mzazi/mlezi" tukimtaka mmoja wao atie sahihi. Msomaji makini angeuliza kama kaunti ni ya Elgeyo au ya Marakwet. Wasemaji wamelimaliza jambo hili bila kutungoja: hutamka "Elgeyo Marakwet" kwa pumzi moja, na mkwaju, kwa kuwa hauna sauti, hubaki karatasini.

Hata hivyo, jina la jozi huleta dhana kwamba waliomo ni wawili. Wasengwer wa msitu wa Embobut, ambao kwa muda mrefu wamehesabiwa ndani ya Marakwet, wanadai kutambuliwa kama jamii inayojitegemea. Walipoondolewa msituni kwa nguvu mwaka 2014, walidai haki ya ardhi kwa jina lao wenyewe, jina ambalo halimo katika orodha ya kaunti. Mwenye jina lisilotambuliwa huanza kesi yake kwa kueleza yeye ni nani.

Kulibadilisha jina la kaunti ni kuigusa Katiba, na hilo si kazi ya mwanaisimu. Kamusi ni kazi yetu. Napendekeza, basi, kidahizo kiwe "Keiyo", na "Elgeyo" imrejeshe msomaji huko. "Marakwet" ielezwe pamoja na makundi yake. Na "Sengwer" ipewe kidahizo chake yenyewe, bila mkwaju.