Uzito Baada ya Arobaini

Mwanamke mwenye uzito wa kawaida anaposhika mimba hutarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16 kabla hajajifungua. Kilo hizo zina mgawanyo wake. Mtoto huchukua zaidi ya 3. Kondo la nyuma hukaribia robo tatu ya kilo, maji yanayomzunguka mtoto karibu kilo 1, na mfuko wa uzazi, ambao kabla ya mimba haufiki gramu 100, nao hukua hadi kilo 1. Damu huongezeka kwa zaidi ya lita 1, matiti hujaa, na maji hutuama miguuni hata viatu vilivyoingia asubuhi vikakataa kuingia jioni. Zinazobaki, kilo 3 au 4 hivi, ni mafuta. Mwili huyaweka akiba mapajani, nyongani na tumboni kwa makusudi, yaje kulipia maziwa ya mtoto.

Siku ya kujifungua huondoka kilo 5 au 6 kwa mara moja. Katika wiki mbili zinazofuata mzazi hukojoa sana na kulowa jasho usiku, na yale maji yaliyotuama yakatoka. Mfuko wa uzazi hunywea siku hadi siku, na ikifika wiki ya 6 umekaribia kurudi ulivyokuwa. Hapo ndipo kupungua kwa haraka kunapokoma. Akiba ya mafuta ingali palepale, wala haina haraka. Kwa hiyo mwanamke anayetoka arobaini akajaribu gauni lake la zamani na kukuta halipiti nyongani, haimaanishi kuwa ni mvivu au ana maradhi. Yuko pale ambapo wanawake wengi walio wazima huwa katika wiki hiyo.

Husemwa kwamba kunyonyesha kunakausha mwili. Upo ukweli ndani yake, lakini una kipimo. Mtoto anayenyonya bila kupewa kitu kingine humgharimu mama takriban kalori 675 kwa siku katika miezi 6 ya kwanza. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004 ulikadiria kuwa kwa mama aliyelishwa vizuri, 170 kati ya hizo hutoka kwenye akiba ya mafuta, na 505 hutoka kwenye chakula. Kalori 170 kwa siku ni sawa na kupungua gramu 800 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kasi ya maumbile: kilo 5 zisizotimia kwa nusu mwaka, tena kwa mama asiyezidisha chakula. Anayeambiwa kuwa maziwa yatamaliza kilo 10 ndani ya miezi 3 anadanganywa, na akishindwa hujilaumu bure. Na zile kalori 505 za nyongeza si nyingi kama inavyodhaniwa. Chapati mbili za mafuta na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari huzimaliza.

Desturi ya arobaini inapaswa kutazamwa ikiwa karibu na hesabu hiyo. Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Uchagani hapiti siku bila mtori, ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama. Kwa Wakikuyu hupikiwa njahi. Mkaja una heshima kubwa kiasi kwamba katika ndoa ya Waswahili lipo fungu linaloitwa kwa jina hilo, analopewa mama wa bibi arusi kwa kukumbuka kitambaa alichojifunga alipomzaa binti yake. Desturi hizi zilibeba busara, na anayezidharau hajazielewa. Aliyepoteza damu alihitaji nyama na supu. Aliyelima hadi mwezi wa mwisho wa mimba alihitaji kukaa kitako, akaogeshewa mtoto na kupikiwa. Arobaini ilipokwisha alirudi kwenye jembe, kinu, mzigo wa kuni na ndoo ya maji kichwani, na akiba yote aliyowekewa ikapata kazi.

Kilichobadilika ni maisha ya siku ya 41. Mjini maji yako bombani au kwa jirani, unga unatoka dukani, bodaboda iko mlangoni, na mzazi anarudi kwenye kiti cha ofisi au cha genge anakokaa tangu asubuhi hadi jua linazama. Chakula cha arobaini, hata hivyo, hakikuondoka na wageni wa arobaini. Kinaendelea miezi 6, pengine mwaka, kwa kuwa kila mlo unakuja na neno lilelile: kula, unanyonyesha. Juu yake zimeongezeka soda, ambazo katika nyumba nyingi mzazi hupewa ili apate nguvu. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Sukari hiyo haiongezi maziwa. Maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara kwa mara, usiku na mchana, na mama anapokunywa maji ya kutosha kukata kiu.

Uonevu mkubwa uko kwenye maneno ya watu. Mzazi aliyenawiri husifiwa siku ya 40 kwamba katunzwa, na familia ya mume hujivunia. Miezi michache baadaye mwili uleule unageuzwa kuwa aibu: kajiachia, kazeeka, hajipendi. Waliomsukumia bakuli la tatu la supu ndio wanaouliza kitambi cha nini. Si haki.

Katika Tanzania, tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafika asilimia 28 mwaka 2015 na 2016. Kenya walitoka asilimia 25 mwaka 2008 na 2009 hadi asilimia 33 mwaka 2014. Uzazi si sababu pekee, ila ni mlango mmojawapo, na mlango huo hufunguliwa zaidi ya mara moja. Mwanamke anayebakiwa na kilo 3 kila uzazi, akizaa mara nne, hufika miaka 40 akiwa na kilo 12 ambazo hakuwahi kuziona zikiingia. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi isiyopungua 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Ushauri huo ulitolewa hasa kulinda uhai wa mama na watoto, lakini pia unaupa mwili nafasi ya kutumia akiba ya kwanza kabla ya kuwekewa ya pili.

Usingizi hutajwa mara chache katika habari hii, na ungepaswa kutajwa mwanzo. Mama anayeamshwa mara nne usiku huamka na njaa isiyo ya kawaida, kwa sababu mwili uliokosa usingizi huzidisha homoni ya njaa na kupunguza ile ya shibe. Anachotamani ni kitamu na chenye mafuta: andazi, chipsi, chai ya sukari nyingi. Kumwambia ajizuie bila kumpa saa mbili za kulala ni kumtwisha mzigo usio wake. Mume akimchukua mtoto akishanyonya alfajiri, au wifi akishika zamu ya mchana, msaada huo huonekana kwenye mizani baadaye.

Tumbo nalo lina habari zake. Wakati wa mimba misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katikati ili kupisha mtoto, na kwa wanawake wengi huchukua miezi kukaribiana tena; kwa baadhi haifungi vizuri. Mama akilala chali na kuinua kichwa, huona kati ya tumbo pakitokeza kama tuta. Hayo si mafuta, na kujinyima chakula hakuyaondoi. Mkaja humshika kiuno na kumpa nafuu anapotembea, lakini hauyeyushi kitu, na ukikazwa mno husukuma uzito chini kwenye misuli ya nyonga ambayo imetoka tu kuchoka. Mwanzo mzuri ni mazoezi ya pumzi na ya kukaza misuli ya nyonga, kisha mengine polepole. Aliyepasuliwa asikandwe kwa maji ya moto juu ya kidonda, wala asianze mazoezi ya nguvu bila kuruhusiwa na mkunga au daktari.

Zipo pia sababu za kitabibu. Kwa baadhi ya wanawake tezi ya shingo huvimba na kudorora ndani ya mwaka wa kwanza, wakahisi baridi, uchovu na kuongezeka uzito bila kula zaidi. Sonona baada ya kujifungua huwafanya wengine wale bila kipimo na wengine wasile kabisa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya watumiaji. Anayeona hivyo azungumze na mtoa huduma abadilishiwe njia, asiiache kimyakimya akashika mimba asiyoipanga. Na kuvimba kwa ghafla uso au miguu, kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu au kukosa pumzi anapolala si unene hata kidogo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Biashara ya kupunguza mwili huwavizia wazazi hapohapo. Chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kukata tumbo zina sanamaki, ambayo huharisha. Mizani hushuka kwa sababu maji yametoka, na mtu akinywa maji hupanda tena. Vidonge ni hatari zaidi: sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kudhuru moyo, imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazodaiwa kuwa za mitishamba. Mama anayenyonyesha hana sababu ya kumeza asichokijua.

Wengi huogopa kwamba mama akipungua maziwa yatakauka. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 40 wanaonyonyesha waliokuwa na uzito uliozidi. Waliogawiwa kupunguza chakula kwa kalori 500 kwa siku na kufanya mazoezi dakika 45 siku 4 kwa wiki, kuanzia wiki ya 4 hadi ya 14, walipungua karibu nusu kilo kila wiki, na watoto wao wakakua sawa na watoto wa wenzao. Kwa hiyo kupungua polepole hakumdhuru mtoto, mradi mama anakula. Kula kwenyewe ni kwa chakula cha nyumbani: ugali au wali uwe kidogo kuliko mboga, mchicha na matembele yajae sahani, dagaa, maharage au yai visikosekane, soda ipishe maji, na mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kuhusu mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 kwa wiki hata kwa aliyejifungua, zikiongezwa kidogo kidogo. Kutembea kwenda sokoni na kurudi, mtoto akiwa mgongoni kwa kanga, kunahesabika.

Muda wa kufanya hayo ni haki pia. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na baada ya hapo saa zisizozidi 2 kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawajui kuwa saa hizo zipo.

Katika miezi 9 ya mimba mwanamke hupandishwa kwenye mizani kila hudhurio la kliniki. Akishajifungua, mizani inabaki kuwa ya mtoto: kila mwezi anapimwa, kadi inajazwa, mama anasimama pembeni ameshika nguo zake. Anayempeleka mtoto kliniki mwezi huu aombe naye apimwe, uzito na shinikizo la damu, na aandikiwe kwenye kadi yake. Ni kazi ya dakika mbili, na mizani ya watu wazima ipo chumba cha pili.