Mkate wa Eliya na Pumzi Zetu

Somo: 1 Wafalme 19:1-8

Leo tumkumbuke Eliya jangwani. Alikuwa amechoka hata akaomba afe, akalala chini ya mti. Malaika aliyemjia hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwambia ale, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo akaenda siku arobaini mpaka Horebu.

Wengi wetu huharakisha kufika Horebu na kuupita ule mkate. Mimi leo nitakaa kwenye mkate.

Je, umemsikia mtu wa miaka hamsini akisema, "Siku hizi nikipanda kilima hiki natweta, ni uzee tu"? Huenda ni uzee. Lakini pumzi ni kazi ya ushirika: mapafu huvuta hewa, moyo husukuma damu yenye oksijeni, na misuli ya miguu huitumia. Madaktari huupima uwezo huo kwa kumpandisha mtu baiskeli isiyotembea, akakanyaga mpaka achoke kabisa, huku hewa anayovuta na kutoa ikipimwa.

Huko Framingham, Marekani, wenyeji wamekuwa wakichunguzwa mioyo tangu mwaka 1948, na watoto na wajukuu wao pia. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya watu 2,380, umri wao wa wastani miaka 54. Waliulizwa wamekula nini mwaka mzima, wakapanda baiskeli hiyo. Wale waliokula zaidi mboga, matunda, jamii ya maharagwe, njugu, samaki na nafaka isiyokobolewa, wakapunguza nyama nyekundu na pombe, walikuwa na pumzi zaidi, kwa kadiri ya 5 katika 100. Watafiti waliilinganisha tofauti hiyo na kutembea hatua 4,000 zaidi kila siku. Umri, sigara na mazoezi vilikwisha kuzingatiwa katika hesabu. Hata hivyo uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chakula ndicho kilicholeta pumzi.

Basi tugeukie meza zetu. Kunde, terere na managu zina madini ya chuma, na bila chuma damu haibebi oksijeni ya kutosha. Mtu hutweta ingawa mapafu yake ni mazima. Lakini sisi hushushia mboga hizo kwa chai ya rangi nzito, nayo chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ingoje kama saa moja baada ya chakula. Ndimu au chungwa pamoja na mboga husaidia. Na chumvi, kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Ikizidi, shinikizo la damu hupanda, na moyo unaosukuma kwa nguvu hivyo miaka mingi hukakamaa.

Sasa neno kwa akina mama na wazee wa kanisa. Mgeni akija kuhubiri, tunampa chai ya sukari nyingi, mandazi, mkate mweupe na soda juu yake. Ni ukarimu, sikatai. Lakini mzee mwenye shinikizo la damu hawezi kukataa mbele ya waliompikia. Atakula, atashukuru, na jioni atapanda kilima chake kwa taabu. Viazi vitamu, nduma, ndizi mbivu na njugu ni vyakula vya heshima pia, navyo havihitaji kamati.

Kutembea kuko palepale; chakula hakikai mahali pake. Na wewe ambaye kifua hukubana ukitembea, au unatweta ukiwa umelala, usingoje mboga zikuponye. Kesho asubuhi nenda hospitali, na ikiwa kifua kinabana sasa hivi unaposikiliza, mwite jirani akupeleke usiku huu.