Kofia ya Mwendesha Baiskeli



Machi 2003, katika mashindano ya Paris–Nice huko Ufaransa, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka bila kofia ngumu, akafariki kesho yake. Mwezi Mei chama cha baiskeli cha dunia kikaamuru kofia zivaliwe, ila kikaruhusu zivuliwe kwenye mlima mrefu wa mwisho. Ajabu! Ninyi msivue. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni. Mkanda uishike kidevuni. Mkianguka nayo ikapiga chini, itupeni hata kama haina ufa, maana povu gumu la ndani likishabonyea halirudi.

Na kiti: weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini, mguu unyooke. Nyonga zikiyumba, kiteremshe.