Uvimbe wa Taya na Kitalu cha Chembe Hai

Mzazi akiambiwa hospitalini kwamba uvimbe wa taya la mtoto wake hauna budi kukatwa kipande kidogo, moyo humshtuka. Hujiuliza: kipande hicho kinakwenda wapi? Leo tutalijibu swali hilo.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Seli zenye afya huzaana kwa kiasi. Seli za saratani huzaana bila kiasi, kama ndago katika shamba la mpunga.

Kwanza daktari hukipima kipande ili aujue ugonjwa. Lakini watafiti waweza pia kukiotesha. Ninyi wakulima wa mpunga mwajua kitalu. Nao wana chao. Hukikatakata kipande, hukitia katika chupa isiyo na vijidudu, yenye maji ya chumvi, sukari na vyakula vingine, na kuiweka katika joto la nyuzi 37, kama la mwili. Seli nyingine hufa, nyingine huota.

Mbona huotesha pia seli zenye afya za mgonjwa yule yule? Kwa sababu dawa iuayo ndago pamoja na mpunga haimfai mkulima. Hutafutwa dawa itakayoua seli za ugonjwa na kuziacha nyingine.

Kazi hii ina historia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alianza kuchunguza watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akipita Tanganyika, akiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa Michael Epstein. Desemba 1963 ndege ilicheleweshwa na ukungu, na maji ya chupa yakafika yamevurugika kana kwamba yameoza. Epstein hakuyamwaga. Aliyatazama kwa darubini, akaona seli hai zikielea! Yeye na Yvonne Barr wakaziotesha, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakaona virusi ndani yake. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Watu wengi wanavyo wala hawaugui. Lakini mtoto apatwaye na malaria mara kwa mara hatari yake huzidi.

Basi, ndugu zangu, uvimbe huo si uchawi, wala si ugonjwa wa kuambukizana kwa kula pamoja. Hukua upesi sana. Ukimwona mtoto amevimba taya au tumbo, usingoje. Mpeleke zahanati, apate kupelekwa hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Dawa zipo, na watoto wengi wawahio hupona.

Kipande cha kupima ugonjwa ni kwa faida ya mtoto wako. Kikitakiwa kwa utafiti, ni lazima uombwe ruhusa. Uliza mpaka uelewe. Ukikataa, mtoto ana haki ya kutibiwa vile vile.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini seli zenye afya huoteshwa pamoja na za ugonjwa?
2. Katika kijaji chenu, ni mambo gani huwachelewesha wazazi kwenda hospitali?