Magwanda hayakukifuta kifungu cha 47

Vijana wa Shimanzi, kambi ya wanamaji iko Mtongwe, ng'ambo tu ya maji, na baadhi yenu mna dada au binamu jeshini. Sasa niulize: dada huyo akidhalilishwa na mkubwa wake, akapeleka malalamiko, kisha faili ikafungwa bila yeye hata kuitwa aeleze, aende wapi?

Sheria ya Ajira ya 2007 haimsaidii. Kifungu cha 3 kimewatoa wanajeshi waziwazi. Lakini shikeni hapa: Katiba, kifungu cha 24(5), imetaja moja moja haki ambazo sheria yaweza kuwapunguzia wanajeshi. Faragha, kujiunga na vyama, maandamano, haki za kazi na nyinginezo. Kifungu cha 47, kile cha kutendewa haki na wenye mamlaka, hakimo.

Kwa hivyo aweza kuiomba mahakama ipitie uamuzi ule. Kwa kawaida jaji haamui kama alidhalilishwa au la, hilo si kazi yake hapo. Anauliza: alisikizwa? Alipewa sababu kwa maandishi? Aliyechunguza ndiye huyo huyo aliyelalamikiwa, ama sahibu yake? Ikiwa kuna kasoro, jaji aweza kuufuta uamuzi, malalamiko yakasikizwe upya.

Ila sheria ya 2015 yataka umalize kwanza njia za ndani, isipokuwa mahakama ikuruhusu kuziruka. Na usikawie. Mwambieni dada aweke nyumbani nakala ya barua yake ya malalamiko, yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.