Askari Ndani ya Karata

Juma lililopita nilikuwa na mgeni nyumbani. Ni mpwa wangu, kijana wa miaka 14, mzaliwa wa Toronto huko Kanada, ambaye Kiswahili chake ni kile cha kuombea maji. Baada ya shikamoo na chakula cha mchana alifungua mkoba, akatoa rundo la karata zenye picha za kila rangi, akaniuliza: "Mjomba, askari ni nini?"

Nikamjibu kuwa askari ni yule bwana aliyemfungulia geti, mwenye rungu na tochi isiyo na betri. Kijana akatikisa kichwa. Akanionyesha karata moja, na kweli neno letu limo, "Askari", herufi kwa herufi. Lakini maandishi ya Kiingereza chini ya picha yasema kwamba huyo ni mmoja wa wale mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya kale, waliovaa deraya na kuapa utii kwa mfalme. Nilivuta kiti nikakaa.

Mchezo huo waitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Mmarekani, mtaalamu wa hesabu aitwaye Richard Garfield, nao ulianza kuuzwa mwaka 1993. Kila mchezaji ni mchawi, na karata zake ndizo silaha zake: mazimwi, malaika, ngome, wapiga mikuki. Karata hununuliwa kwa pakiti zilizofungwa, hujui umepata nini mpaka uchane karatasi. Kwangu mimi hiyo ni bahati nasibu iliyovishwa joho, lakini tuliache hilo.

Mazimwi na ngome hizo hazikuanzia kwa Garfield. Kabla yake, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons, ambao chimbuko lake ni kanuni za kupiganisha vijeshi vya sanamu vya zama za kati. Na nyuma ya wote hao yuko Profesa J. R. R. Tolkien wa Oxford, mwalimu wa Kiingereza cha kale, aliyechukua mashairi ya mashujaa na majoka aliyokuwa akiyafundisha darasani akayatungia ulimwengu mzima. Kwa hiyo kijana wa leo anapolaza karata mezani, anachezea mabaki ya Ulaya ya miaka 800 iliyopita, yaliyopitia mikononi mwa profesa mmoja na wafanyabiashara kadhaa.

Mwaka huohuo wa 1993 watengenezaji walitoa fungu la kwanza la nyongeza, Arabian Nights, ambalo kwa sehemu kubwa limetoka katika Alfu Lela Ulela. Humo mna Sindbad, Ali Baba, taa ya Aladdin na mji wa shaba. Iliyonifurahisha kuliko zote ni karata ya Shahrazad: ukiicheza, mnasimamisha mchezo mnaoucheza na kuanza mwingine ndani yake, kama yule bibi alivyokuwa akifungua hadithi ndani ya hadithi ili asikatwe kichwa asubuhi. Aliyebuni karata hiyo alikuwa amekisoma kitabu akakielewa.

Mwaka 1996 likaja fungu la Mirage, na hapa ndipo tulipoingia sisi. Nchi yake ya kubuni, Jamuraa, imefanana na Afrika. Ina simba, mamba na misitu, na watu wake ni weusi. Majina nayo ni vurugu tupu. Yuko Zuberi, ambaye kwetu ni jina la mtu na pengine wewe unaye shemeji aitwaye hivyo, lakini huko ni dubwana lenye kichwa na mabawa ya tai na mwili wa simba. Yuko Shauku, ambaye ni mnyonya damu. Dubwana jingine la aina ya Zuberi linaitwa Ekundu. Ekundu nini, jamani? Si nyekundu, si mwekundu wala chekundu. Ni kama mtu alifungua kamusi, akakuta mzizi wa neno na kistari chake, akafuta kistari akaenda zake. Halafu katika mchezo huo karata nyingi zina rangi zake, na rangi ya huyo Ekundu ni nyeupe.

Nilicheka, lakini mpwa wangu hakucheka. Akanieleza kwamba mwaka 2023 lilitoka fungu la kitabu cha Tolkien, The Lord of the Rings, na ndani yake mfalme Aragorn kachorwa mtu mweusi. Kelele zikawa nyingi. Na mwenzake wa darasani, wanayekaa dawati moja, akamwambia mbele ya wengine kuwa picha hiyo ni uongo, kwa kuwa zama zile hapakuwa na mtu mweusi aliyefaa kuvaa deraya. Kijana alikosa la kujibu. Nikafahamu sasa kwa nini aliibeba ile karata ya Askari kutoka Toronto hadi sebuleni kwangu.

Nilimjibu hivi. Katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, imo sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa katika karne ya 13. Amevaa deraya ya minyororo, na uso wake ni wa Mwafrika bila shaka yoyote. Waliomchonga ni Wajerumani wa zama hizohizo. Katika karne hiyo ilitungwa kwa Kiholanzi hadithi ya Moriaen, kijana mweusi mwana wa shujaa mmoja wa Mfalme Arthur, anayezunguka Ulaya akimtafuta baba yake. Na kama ni zama za kati za kwetu, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akaandika kuwa wakazi wake wengi ni Wazanji weusi sana. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwake.

Sikumficha kwamba Ibn Battuta huyohuyo aeleza jinsi sultani huyo alivyokuwa akivamia nchi za Wazanji na kurudi na ngawira. Ndiyo maana sikuridhika sana niliposikia kuwa mwaka 2020 wenye mchezo waliziondoa karata saba, pamoja na ile ya Vita vya Msalaba na ile ya Jihadi. Moja kati ya hizo ilikuwa ya ubaguzi mtupu, na heri imekwenda. Lakini ukibakiza ngome ukafuta vita vyake, mtoto hatajua ngome ilijengwa kumzuia nani.

Jioni nilitoa karata zangu za kawaida, zilizochakaa pembe. Nikamweleza majina yake: kopa, shupaza, uru, pau. Ni maneno ya Wareno waliofika pwani hii mwaka 1498, na maana yake ni vikombe, panga, dhahabu na marungu. Lakini karata za Wamamluki wa Misri, ambazo baadhi zimehifadhiwa katika kasri la Topkapi huko Istanbul, zina vikombe, panga, sarafu na fimbo za polo. Zama za kati zimo mezani petu kila siku, tunapigia turufu.

Tulihitaji mtu wa nne, kwani jirani alikwisha kaa. Nikamwita askari wa getini. Akaegemeza rungu ukutani, akavuta kigoda, na mpaka saa nne usiku alikuwa ametufunga mara tatu.